KUCHEMSHA HAKUTOSHI: SUMAKU NA METALI ZA SUMU MAJINI

Na mwanachama wa Kidato cha 3

Mwaka huu sikuleta shairi wala hadithi. Nimeleta somo. Msikunje uso! Najua wengi wenu mkiona neno "kemia" mnafunua ukurasa upesi mkatafute vichekesho. Ngojeni kidogo. Somo hili linahusu maji, na hakuna mtu hapa shuleni asiyekunywa maji.

Nyumbani kwetu, katika kaunti ya Migori, mama yangu ana sumaku. Si sumaku ya dukani. Ni ile ya mviringo iliyotolewa katika spika ya redio iliyokufa. Mama hufanya kazi ya kuosha dhahabu. Akishazungusha matope katika karai mpaka mepesi yakamwagika, chini hubaki mchanga mzito mweusi pamoja na chembe za dhahabu. Basi huifunga sumaku yake katika kipande cha nailoni, akaipitisha juu ya mchanga huo. Mchanga mweusi huruka ukaning'inia kwenye sumaku kama ndevu, na dhahabu hubaki chini. Mchanga ule hutupwa.

Baada ya hapo hutolewa kichupa cha zebaki. Matone machache hutiwa katika karai, na mama huyafikicha kwa mikono mitupu. Zebaki huzikusanya zile chembe ndogo za dhahabu ambazo jicho halizioni, zikawa donge moja. Donge hukamuliwa kwa kitambaa, kisha huchomwa motoni mpaka zebaki yote itoke kwa mvuke, dhahabu ikabaki peke yake. Na maji ya karai? Humwagwa. Huteremka bondeni, bonde huingia mtoni, na mto huingia Ziwa Victoria.

Karo yangu hutoka katika karai hilo. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani kwamba naandika kumshtaki mama.

Muhula uliopita mwalimu wetu wa kemia alituuliza swali: "Ukichemsha maji yenye risasi au zebaki, je, sumu inatoka?" Darasa zima tulijibu kwa sauti moja, "Inatoka!" Mwalimu akatikisa kichwa. Mimi nikakumbuka sufuria ambayo mama huteleka kila jioni ili tupate maji salama ya kunywa, nikahisi tumbo limekuwa baridi. Somo hili lilianzia hapo.

SUMU ISIYOKUFA

Tangu shule ya msingi tumefundishwa kwamba maji ya kunywa lazima yachemshwe. Ni kweli, na tafadhali msiache kuchemsha! Kipindupindu na homa ya matumbo huletwa na vijidudu, na kijidudu ni kiumbe hai: ukikitia motoni kinakufa. Lakini risasi si kiumbe. Risasi ni elementi. Huwezi kuiua kwa sababu haiishi. Haiozi hata ukingoja miaka mia, wala moto hauigeuzi kuwa kitu kingine kisicho risasi.

Hebu tupige hesabu. Chukua lita 10 za maji zenye miligramu 0.02 za risasi katika kila lita. Jumla ya risasi ni miligramu 0.2. Sasa yachemshe mpaka zibaki lita 8. Maji yamepungua, risasi haikupungua. Gawanya 0.2 kwa 8, unapata miligramu 0.025 kwa lita. Kumbe badala ya kuitoa sumu tumeikoleza, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni unavyozidi kuwa na chumvi! Na ikiwa ni zebaki, hata ile kidogo inayopanda na mvuke haijapotea. Imehama kutoka katika sufuria ikaenda katika mapafu ya mpishi.

Shirika la Afya Duniani limeweka viwango ambavyo maji ya kunywa hayafai kuvipita. Kwa kila lita moja, risasi isizidi miligramu 0.01, aseniki isizidi 0.01, zebaki 0.006, na kadimiamu 0.003. (Aseniki si metali kamili, lakini kwa kuwa madhara yake yanafanana na ya wenzake huhesabiwa katika ukoo huo.) Ukitaka kujua udogo wa vipimo hivi, miligramu 0.01 katika lita moja ni sehemu moja katika sehemu milioni 100. Hakuna ulimi unaoweza kuionja, wala jicho la kuiona. Maji yanaweza kuwa meupe pepepe, yakang'aa kama kioo, na sumu imo.

YALIYOTOKEA KWINGINE

Mtu anaweza kusema, "Aa, huyu anatutisha tu." Basi tutazame waliotangulia kuyapata.

Huko Japani kuna mji wa pwani uitwao Minamata. Kiwanda kimoja cha kemikali kilikuwa kikimwaga katika ghuba taka zenye aina ya zebaki inayoingia katika miili ya samaki. Watu wakala samaki. Paka nao wakala samaki, wakaanza kuyumbayumba na kurukaruka kama walevi, kisha wakafa. Ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Watu walitetemeka, wakapoteza uwezo wa kuona na kutembea, na watoto wakazaliwa na ulemavu ingawa mama zao walionekana wazima. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, ulipewa jina la mji huo.

Huko Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, visima vya mabomba vilichimbwa kwa wingi ili watu waachane na maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaua kwa magonjwa ya kuhara. Nia ilikuwa njema. Lakini mwaka 1993 iligunduliwa kwamba miamba ya chini ya ardhi ilikuwa ikitoa aseniki ndani ya maji yale. Kufikia mwaka 2000 ilikadiriwa kwamba watu kati ya milioni 35 na milioni 77 walikuwa hatarini. Waliruka majivu wakakanyaga moto.

Na hapa kwetu Kenya je? Katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Kilianza mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kampeni baada ya mtoto wake kuugua na kupatikana na risasi katika damu. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman, na mwaka 2020 mahakama mjini Mombasa iliamua kwamba wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Someni vizuri, wenzangu: pesa zinaweza kuamriwa zirudishwe, lakini akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi hairudi kwa amri ya hakimu.

KWA NINI KITAMBAA HAKIWEZI KUCHUJA?

Swali hili niliuliza mimi mwenyewe. Kama sumu haiui moto, si tuchuje? Nyanya yangu huchuja maji ya mtoni kwa leso na yanatoka masafi.

Jibu ni kwamba matope ni vipande vya udongo, lakini metali iliyoyeyuka majini si vipande. Iko katika hali ya ioni, yaani atomu moja moja zenye chaji ya umeme, zimetawanyika kati ya molekuli za maji. Ioni moja ya risasi ina upana wa kama robo ya nanomita. Nanomita ni nini? Chukua milimita moja katika rula yako, uigawe mara milioni. Kipande kimoja ndicho nanomita. Unywele wa mtu una upana wa nanomita 80,000 hivi. Sasa fikiri, matundu ya leso ya nyanya ni mapana kuliko unywele. Ioni ya risasi hupita humo kama sisimizi anavyopita katika lango la shule: hahitaji hata kuinamisha kichwa.

Kwa hiyo tunahitaji kitu ambacho hakitaizuia ioni mlangoni bali kitaifuata humo humo majini, kiikamate, kisha kitoke nayo nje. Hapa ndipo sumaku inapoingia.

SOKSI NA KISHONANGUO

Kwanza niondoe kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya. Ukisikia "sumaku inatoa risasi majini" unafikiri sumaku inaivuta risasi. La! Sumaku haivuti risasi, wala zebaki, wala kadimiamu. Ukiwa na kile kipande cha risasi kinachofungwa kwenye ndoana za kuvulia samaki, kisogezee sumaku uone. Hakitikisiki.

Sumaku huvuta chuma. Kwa hiyo wanasayansi hutumia unga mweusi wa magnetaiti, ambayo ni muungano wa chuma na oksijeni, Fe₃O₄. Unga huo ndio unaokamata risasi, na sumaku huvuta unga. Sisi tunaotembea kwa miguu kuja shuleni twajua kishonanguo. Ukipita katika majani asubuhi, zile mbegu zake nyeusi hushika soksi. Ukitaka kuondoa mbegu mia huhitaji kuzitafuta moja moja. Vua soksi, na mbegu zote zimetoka. Ioni za metali ni kishonanguo, unga wa magnetaiti ni soksi, na sumaku ni mkono unaozivua.

Lakini kwa nini unga uwe mdogo kiasi cha nanomita 10 au 12? Rudini katika hesabu. Chukua mche wa magnetaiti wenye sentimita 1 kila upande. Una nyuso 6, kila uso sentimita mraba 1, jumla sentimita mraba 6. Ukate uwe miche ya milimita 1, utapata miche 1,000, na jumla ya nyuso zake ni sentimita mraba 60. Uzito ni ule ule, lakini mahali pa kushikia pameongezeka mara kumi. Endelea kukata mpaka kila mche uwe na nanomita 10. Upana umegawanywa mara milioni, kwa hiyo nyuso zimeongezeka mara milioni: sentimita mraba milioni 6, yaani mita mraba 600! Kwa kuwa sentimita hiyo moja ya mche ina uzito wa gramu 5.2 hivi, gramu moja tu ya unga huo ina eneo la karibu mita mraba 115. Darasa letu lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 7. Kwa hivyo gramu moja, kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, ina nafasi ya kushikia sumu sawa na sakafu ya madarasa mawili.

Udogo huu una faida ya pili. Kipande kikubwa cha magnetaiti kikishakuwa sumaku hubaki sumaku, na vipande vyake hushikana vikawa bonge. Chembe za nanomita kumi na kitu hazifanyi hivyo. Ukizisogezea sumaku zinaitikia, ukiiondoa zinasahau, zinatawanyika tena majini. Ni watiifu wakati mwalimu yupo darasani tu!

Zamani ilidhaniwa kwamba chembe ndogo namna hiyo haziwezi kutolewa majini ila kwa sumaku kubwa za umeme za viwandani. Mwaka 2006 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, akiwamo Bi. Vicki Colvin, kilionyesha kwamba chembe za nanomita 12 zenye aseniki zinaweza kukusanywa kwa sumaku ndogo ya kushika mkononi. Inapokaribia sumaku, chembe moja huvuta nyingine, zikaenda kwa kundi badala ya moja moja. Umoja ni nguvu, hata miongoni mwa chembe. Mwaka 2010 watafiti wa kikundi hicho walieleza njia ya kutengeneza chembe hizo kutokana na kutu na mafuta ya kupikia, ili hata wasio na maabara kubwa waweze kujaribu.

TULIVYOJARIBU SISI

Chama cha Kiswahili na Chama cha Sayansi viliungana siku moja ya Ijumaa baada ya masomo. Hatukutumia risasi wala zebaki. Mwalimu alikataa katakata, na alifanya vyema. Tulitumia shaba, kwa sababu ioni zake zina rangi ya samawati na kila mtu angeona kinachotendeka.

Kwanza tulitengeneza unga. Tuliyeyusha salfeti ya chuma (II) na kloridi ya chuma (III) katika maji, kwa kipimo cha moli 1 kwa moli 2. Wanafunzi wa kidato cha tatu, mnaona zile moli tunazozilalamikia zina kazi! Tukafungua madirisha yote, kisha mwalimu akatia maji ya amonia kidogo kidogo huku tukikoroga. Mmumunyo wa rangi ya chai ukageuka mweusi ti, papo hapo, kama wino. Kilichotokea ni hiki:

Fe²⁺ + 2Fe³⁺ + 8OH⁻ → Fe₃O₄ + 4H₂O

Nikatoa sumaku ya mama niliyoazima, nikaiweka chini ya chombo. Jamani! Weusi wote ulishuka ukashikamana chini juu ya sumaku, na juu yakabaki maji unayoweza kuona vidole vyako ng'ambo ya pili. Wa Kidato cha 1 waliokuwa wakichungulia dirishani walipiga makofi.

Tukautia unga ule katika mmumunyo hafifu wa salfeti ya shaba, tukitarajia rangi ipotee. Wapi! Maji yalizidi kuwa ya samawati, tena samawati iliyokoza kama wino wa kalamu. Tukatazamana. Mwalimu akacheka akauliza, "Mliuosha unga?" Hatukuwa tumeuosha. Amonia iliyobaki katika unga ndiyo iliyoungana na shaba ikaleta rangi ile. Haraka haraka haina baraka.

Tukaanza upya. Tuliuosha unga mara tano: tunatia maji safi, tunatikisa, tunaweka sumaku, tunamwaga, mpaka karatasi ya litmasi ikakoma kubadilika rangi. Kisha tukautia katika mmumunyo mwingine wa shaba, tukawa tunautikisa kwa zamu kwa nusu saa. Tukaweka sumaku na kuchukua maji ya juu. Tukayatia amonia kidogo ili tuone kama shaba bado imo. Maji ambayo hayakutiwa unga yaligeuka samawati ya wazi. Yetu yalikuwa na kivuli tu cha samawati. Shaba haikwisha yote, lakini ilikuwa imepungua sana, na iliyotoka ilikuwa imekaa katika ule unga mweusi chini ya chombo.

MIKONO YA UNGA

Unga hushikaje? Ukiwa majini, uso wa magnetaiti hujaa vikundi vya oksijeni na hidrojeni. Hiyo ndiyo mikono yake. Maji yakiwa na asidi nyingi, ioni za hidrojeni huwahi kuishika mikono hiyo, na metali hukosa nafasi. Ndiyo maana unga hufanya kazi vizuri zaidi kwa risasi, shaba na kadimiamu maji yanapokaribia hali ya kati, yasiyo na asidi wala alkali nyingi. Siri hiyo hiyo hutumika kuuosha unga: ukiutia katika asidi hafifu, metali huachia, na unga unaweza kutumiwa tena. Lakini asidi ikiwa kali, unga wenyewe huyeyuka.

Zebaki ina tabia yake. Inapenda salfa kuliko oksijeni. Kwa hiyo watafiti huzivika chembe za magnetaiti koti lenye vikundi vya salfa na hidrojeni. Michanganyiko ya namna hiyo ilipewa zamani jina la merkaptani, kutokana na maneno ya Kilatini yenye maana ya kitu kinachokamata zebaki. Wakemia wa karne ya 19 walishaijua tabia hii kabla hata ya neno nanomita kutumika.

KASORO ZAKE

Nisiwadanganye kama mwuza dawa sokoni. Njia hii ina kasoro.

Kwanza, haiui vijidudu. Kuchemsha kuko pale pale. Pili, maji ya mtoni hayana sumu peke yake. Yana chokaa, fosfeti na uchafu wa majani yaliyooza, na vyote hivyo hugombania mikono ile ile ya unga. Kinachofaulu katika maji safi ya maabara huenda kisifaulu sana katika maji ya mto. Tatu, unga wenyewe lazima utolewe wote, kwa maana hatutaki kunywa chembe za nanomita badala ya zebaki. Nne, unga hukamata ioni zilizoyeyuka. Yale matone ya zebaki yanayong'aa na kukimbiakimbia matopeni hauyawezi.

La tano ndilo kubwa, nalo ndilo ninaloomba msomaji ubaki nalo. Tulisema elementi haifi. Basi sumu iliyotoka majini iko wapi? Iko katika unga. Ukiumwaga unga huo nyuma ya maabara, mvua ikinyesha utakuwa umerudi ulikotoka. Hakuna njia duniani ya kuondoa metali nzito ambayo haiachi mzigo mikononi mwa mtu. Tunachoweza ni kuuhamisha mzigo kutoka mahali pakubwa tusipoweza kupalinda, kama mto, kwenda mahali padogo tunapoweza kupafunga. Unga wetu wa shaba umo katika chupa ndani ya kabati la maabara, una kifuniko na kibandiko chenye tarehe. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kwamba kusafisha maji si kufuta. Ni kuhamisha na kuchunga.

NILIPORUDI NYUMBANI

Jioni hiyo nilimrudishia mama sumaku yake nikamweleza yote. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilipomwambia kwamba ule mchanga mweusi anaoutupa kila siku una madini yale yale tuliyotengeneza maabarani, alicheka. "Basi miaka hii yote natupa dawa?" Nikamwambia hapana, mama, punje zako ni kubwa mno. Punje ya mchanga yenye upana wa milimita 0.1 ni kubwa mara 10,000 kuliko chembe ya nanomita 10. Gramu moja ya unga ina eneo la madarasa mawili, lakini gramu moja ya mchanga wako ina eneo la kiganja.

Kisha nikamwambia la zebaki, na la sufuria yetu ya maji. Hapo hakucheka. Alinyamaza, akaniuliza swali moja tu: "Na karo yako, nitalipa na nini?"

Sikuwa na jibu. Kitabu cha kemia hakina sura ya swali hilo. Lakini tulizungumza mpaka taa ikapungua mafuta, na tukakubaliana mambo ambayo tunayaweza. Maji ya kunywa sasa tunakinga ya mvua kutoka mabatini, na tunayachemsha. Karai la dhahabu haliingii tena jikoni. Donge halichomwi nyumbani kwenye meko tunayopikia ugali. Na kikundi chao cha akina mama kimeanza kuchanga pesa za kununua chombo chenye mfuniko na bomba, ambacho hunasa mvuke wa zebaki na kuugeuza tena kuwa zebaki ya maji maji ili isipotee hewani. Mama alikipenda chombo hicho kwa sababu yake mwenyewe: zebaki hununuliwa, na anayeinasa haendi kununua nyingine kila mara.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sumaku na unga ule mweusi ni ukuta, tena ukuta mzuri, na ningependa siku moja niwe miongoni mwa wanaoujenga kwa ajili ya mto wetu. Lakini zebaki isiyomwagwa haihitaji kuvuliwa. Ufa ni karai.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Lita 12 za maji zina miligramu 0.01 za risasi kwa lita. Yakichemshwa mpaka zibaki lita 10, kila lita itakuwa na risasi kiasi gani? Je, yamepita kiwango cha Shirika la Afya Duniani?

2. Rafiki yako anasema, "Sumaku huvuta zebaki." Msahihishe kwa sentensi mbili.

3. Mche wa sentimita 1 umekatwa kuwa miche ya nanomita 100. Jumla ya nyuso zake ni mita mraba ngapi?

4. Kwa nini unga uliotumika haufai kumwagwa shambani?

5. Zungumza na mtu mzima nyumbani kwenu kuhusu mahali maji yenu yanapotoka na yanapopita kabla ya kufika kwenye mtungi. Andika insha ya ukurasa mmoja uilete katika mkutano wetu ujao.